Picha Mbichi

Nakutegea wewe uliyeketi hapo, na usimtazame jirani yako usoni ukidhani jibu limeandikwa huko. Nina chumba kisicho na mlango wala dirisha. Watu wamejazana humo, hawali, hawanywi, hawapigi hata chafya. Siku kinapojaa, mwenye nyumba mwenyewe hapati pa kuweka unyayo. Ni nini?

Kaburi? Hapana, mjukuu wangu, huko mwenye nyumba ndiye wa kwanza kupata nafasi. Kiberiti? Njiti si watu. Umeshindwa, nipe mji. Haya, mji wako nimeuchukua, nimekaa kwenye kiti cha mbele, na wewe umebaki kijumbe wa kuniletea maji. Jibu ni diski ya kompyuta ya mpiga picha, na mwenye nyumba ni mwanamume mmoja aliyependa kuitwa Msanii. Ukimwita fundi picha alikuwa hakusikii. Ukisema Msanii, masikio yanafunguka, na shingo inarefuka kidogo.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga: pazia jeupe ukutani, stuli, mwavuli wa taa, na kompyuta kuukuu iliyovuma kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Nyuma ya mlango wa ndani waliishi watu watatu: Msanii, mkewe, na mama yake Msanii, ambaye alikuja kusalimia akasahau kuondoka.

Aliyekuwa na kazi ni mke. Alikuwa mfungaji katika kiwanda cha sabuni; miche inakuja juu ya mkanda, yeye na wenzake wanaivisha karatasi. Kabla ya hapo alikuwa upande wa matangi, na siku moja tangi lilitema sabuni ya moto ikamshika shavu. Kovu lilianzia pembeni mwa mdomo likaishia chini ya sikio, limekunjamana kama kitambaa kilichopigwa pasi na mtu mwenye haraka. Kiwandani wakamwita Dada Pasi, naye akaitika, maana angeanza kununa angenuna mpaka leo. Miaka mingi alikuwa kibarua, wa kuitwa leo na kusahauliwa kesho, mpaka akapata ajira ya kudumu. Ajira hiyo ndiyo iliyolipa kodi na umeme. Hata mafuta ya nywele ya Msanii yalitoka humo.

Sasa kiwanda kikataka kadi mpya za wafanyakazi wa kudumu, kwa sababu sabuni ilikuwa inatoka getini mikononi mwa watu walioingia kwa kadi za wenzao. Dada Pasi akaenda kumwombea mumewe kazi ya kupiga picha. Meneja wa utumishi akauliza bei, akaisikia ilivyo ndogo, akasema, "Huyo ni msanii wa kweli." Siku ya kusaini mikataba mipya kila mfanyakazi aliketi kwenye stuli mbele ya karani, akapigwa picha, akainuka akasaini. Picha na saini zilikuwa za siku moja, shahidi yuleyule. Meneja alijivunia mpango huo kana kwamba ndiye aliyevumbua kalamu.

Msanii alirudi nyumbani na kamera imejaa nyuso. Akaziingiza kwenye kompyuta. Akabofya programu yake ya kurembesha picha. Programu ikafikiri, ikafikiri, ikamwandikia kwamba haiwezi kufunguka kwa sababu diski imejaa.

 

"Nani amejaza kompyuta yangu?" Msanii alipiga kelele.

Mama yake alikuwa mlangoni akikata kucha. "Mimi sijaweka kitu humo, baba. Miwani yangu ninayo hapa."

"Hii programu inataka uwanja, mama. Ni kama fundi nguo. Huwezi kukata gauni juu ya goti."

"Basi punguza vitu," alisema mkewe. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini. Viatu bado viko miguuni na harufu ya sabuni imemtangulia ndani.

Msanii akafungua diski ili apunguze. Folda ya kwanza iliitwa MIMI. Ya pili iliitwa MIMI MPYA. Ya tatu iliitwa MIMI MPYA KABISA. Humo ndani Msanii alikuwa ameegemea gari la mtu. Msanii alikuwa anatazama mbali, kama abiria anayehofia mzigo wake umeshushwa kituo kingine. Msanii alikuwa ameshika miwani ya jua bila kuivaa. Kila picha ilikuwapo kwa rangi, bila rangi, na kwa rangi ya chai iliyotiwa maji mara mbili.

"Anzia hizo," alisema mkewe.

"Hizo ni kumbukumbu za kazi."

"Kazi gani? Kuegemea?"

"Wewe hujui sanaa."

"Najua gari. Hilo ni la daktari wa meno, na siku ile alikufukuza."

"Mkwe, mwache mwenzio," mama alisema na kucha ikaruka. "Mtoto akiwa mzuri tangu kuzaliwa, atajificha wapi? Hebu fungua ile uliyovaa fulana ya mistari, baba. Ile naipenda."

Msanii akaifungua ile ya fulana ya mistari. Wakaitazama, mama na mwana, kwa muda wa kutosha kuchemsha maji. Programu ikaendelea kukosa nafasi.

Nikuambie jambo, usinione mchokozi. Meneja alikuwa ametoa malipo ya awali ili Msanii anunue diski ya nje, ile ndogo ya kuchomeka pembeni, aweke kazi ya kiwanda kwa usalama. Msanii alikwenda mjini, akarudi na koti la mifuko mingi kama wanalovaa wapiga picha wa magazeti. Mifuko mbele, mifuko ubavuni, mifuko juu ya mifuko. Ndani yake palikuwa na funguo na peremende.

Basi akabuni njia yake. Hakufuta MIMI. Alifuta filamu moja aliyokwisha kuiona, akapata nafasi ya kufungulia programu. Kisha akawa anachukua nyuso za wafanyakazi fungu kwa fungu. Fungu likiingia, anabofya mahali pamoja tu: ngozi zinalainika, weusi unapungua, mikunjo inaondoka, makovu yanajifuta. Aliyebaki na kasoro anammalizia kwa mkono. Anahifadhi picha ndogo iliyoiva, halafu zile mbichi, nzito, zilizotoka kwenye kamera, anazitupa kwenye pipa la taka na pipa analimwaga, ili fungu linalofuata lipate pa kukaa.

"Mbichi zote unatupa?" mkewe aliuliza, akiwa amesimama nyuma yake na bakuli la mboga za kuchambua.

"Ukishakaanga kiazi, kile kibichi bado unacho?"

Mkewe alikuwa na jibu la hilo, lakini hapohapo uso wake mwenyewe ukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Msanii alikuwa akipitisha brashi shavuni, taratibu, kama mtu anayefuta meza. Kovu likaondoka kuanzia sikioni, likaja, likaja, likaishia mdomoni.

"Kovu langu liko wapi?"

"Nimelitoa. Zawadi hiyo."

"Lirudishe."

"Mke wangu, watu wananilipa niwafanyie hivi. Wewe nakupa bure."

"Nani alikuomba?"

"Tazama ulivyopendeza, mkwe!" mama alisema kutoka mlangoni. "Kama siku ulipoletwa hapa."

"Siku nilipoletwa hapa nilikuwa nalo, mama."

"Basi kama siku moja kabla."

Msanii akahifadhi, akafuta, akamwaga pipa. Dada Pasi akaenda kuchambua mboga. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na mtu aliyesimama tangu asubuhi huwa anaahirisha ugomvi kama anavyoahirisha kufua. Kesho yake Msanii akaifuta na memori kadi ya kamera, kwa kuwa alikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani. Na nafasi iliyopatikana kwenye diski akaijaza kwa video ndefu ya kujitangaza: Msanii anatembea, Msanii anageuka, Msanii anavaa koti la mifuko mingi na kulivua.

 

Kadi zilipogawiwa, kiwanda kizima kilicheka kwa furaha, na sitaki kukudanganya kwamba walikasirika. Watu walibusu sura zao. Wote walikuwa na rangi moja ya biskuti na ngozi moja ya yai, kama watoto wa baba mmoja na mama mmoja waliolelewa ndani ya kabati. Meneja wa utumishi alikuwa na kidevu kimoja kwenye kadi, wakati mwenyewe alikuwa navyo viwili na cha tatu kiko njiani. Akamwita Msanii ofisini, akamshika bega, akamwahidi kazi ya kalenda ya kiwanda ya mwaka unaofuata, kurasa zote. Msanii alirudi nyumbani akitembea kama yule wa kwenye video.

Asubuhi ya kuanza kutumia kadi, mlinzi wa getini alikuwa amepewa amri mpya. Asimtazame mtu kwa mazoea. Atazame kadi, atazame uso, alinganishe. Walio wengi walipita, maana uso wa kawaida ukilainishwa bado una mwenyewe. Dada Pasi akatoa kadi yake.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Dada, mimi nina macho."

"Nami naona unayo. Yatumie."

"Ndiyo ninayatumia. Shavu la kwenye kadi halina kitu. Shavu ulilokuja nalo lina kitu."

"Mpitishe bwana!" sauti ikatoka nyuma ya mstari. "Ni Dada Pasi huyo. Juzi si amekuazima mwavuli?"

"Juzi nilimjua," mlinzi alisema. "Leo nimeambiwa nisimjue mtu. Simama pembeni, dada."

Akasimama pembeni, mgongo ukutani, wenzake wanapita wakimtazama kwa namna ya watu wanaopita msibani wakiwa na haraka. Baada yake akaja mzee wa matangi, yule waliyemwita Mzee Tochi kwa sababu jicho lake moja lilikuwa wazi na lingine limefumba tangu ujana. Msanii alikuwa amelichukua lile jicho zima, akaligeuza, akalibandika upande wa pili.

"Mzee, fungua na hilo la kushoto," mlinzi alisema.

"Lipi?"

"Hilo. Kwenye kadi liko wazi."

"Kwenye kadi hata mimi nimeshangaa, mwanangu. Nililiona jana nikataka kulisalimia, tumepoteana muda mrefu."

Mstari mzima ukacheka. Mlinzi naye akacheka, akafuta machozi, kisha akamwambia mzee asimame pembeni. Ndivyo walivyo watu wa amri: anacheka nawe, kisha anakufungia geti.

Walipelekwa kwa meneja, wale wachache waliorembeshwa mpaka wakapotea. Meneja aliweka kadi zao juu ya meza kama karata. Hakuona aibu yoyote. Aliona usumbufu.

"Mtu anayeingia kwa kadi isiyo na sura yake ni mwizi," alisema. "Sisemi ninyi ni wezi. Nasema kadi zinasema hivyo."

"Tupige picha nyingine, bosi," alisema Mzee Tochi. "Mimi nipo, jicho langu lipo."

"Picha ya mkataba ni ya siku ya mkataba. Picha mpya, mkataba mpya. Na mkataba mpya huanzia chini."

"Chini wapi?" Dada Pasi aliuliza, ingawa alijua.

"Kibarua."

Karani akaacha kuandika.

"Kuna njia mbili," meneja aliendelea, na sasa alikuwa anafurahia, maana kuna watu wakipata njia mbili za kumsumbua mwenzao wanajiona wakarimu. "Mniletee zile picha mbichi za siku ile, kadi zichapwe upya. Au huyo aliyezichezea aje hapa, akubali mbele ya karani kwamba alizibadilisha na akazifuta kwa mkono wake. Hapo kosa litakuwa la kwake, mikataba yenu inabaki, na picha za kurudia atazilipia yeye. Nje ya hapo sina la kuwasaidia. Nawapa mpaka kesho asubuhi."

 

Walikwenda wote studio, moja kwa moja kutoka getini. Msanii aliwaona dirishani akadhani ni wateja. Akavaa koti.

"Picha mbichi?" alisema alipoelezwa. "Za nini tena? Si mlizifurahia?"

"Mwanangu," Mzee Tochi alisema, "mimi jicho nakushukuru. Nakuomba tu ulichukue."

Wakamwita fundi wa kompyuta wa duka la pili, kijana mwembamba asiyependa maneno. Akachomeka kifaa chake, akangoja, akatikisa kichwa.

"Kitu kilichofutwa kinabaki chini kidogo," alisema, "kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Unaweza kukisoma. Lakini hapa pameandikwa kitu kingine juu. Uliweka nini baada ya kufuta?"

"Video."

"Ya nani?"

Msanii alipapasa mfuko mmoja wa koti, kisha mwingine. "Ni ya matangazo."

"Hiyo naijua!" mama alisema kutoka ndani. "Anatembea, halafu anageuka! Fungua, baba, wageni waone."

Hakuna aliyetaka kuona. Fundi akachomoa kifaa chake, akasema hawezi kuwadai chochote kwa kazi ambayo haikufanyika, akaondoka. Wenzake Dada Pasi wakakaa ukutani mwa studio, chini ya picha kubwa ya Msanii aliyeshika miwani. Mmoja akaanza kulia bila sauti. Mzee Tochi akampa leso.

Ndipo mke akamuuliza mumewe mbele yao, bila kupandisha sauti. "Ulipokosa nafasi, folda zako zilikuwepo. MIMI ilikuwepo, na ndugu zake. Kwa nini ulitufuta sisi ukajiacha wewe?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Nieleze kitaalamu."

"Kuna ukubwa wa faili, kuna… hutaelewa."

"Nitaelewa polepole. Eleza."

"Mkwe," mama akaingilia, "usimhoji mtu mbele ya wateja. Mwenzio anatafuta jina."

"Jina analo, mama. Mimi ndiye sina sura."

Wageni walipoondoka, mke alikaa kwenye stuli, palepale ambapo watu hukaa wakaambiwa wainue kidevu. Akamweleza mumewe njia ya pili ya meneja: aende asubuhi, akubali, basi. Msanii akacheka kwanza. Alipoona mkewe hacheki, akavua koti, akalitundika, akalinyoosha bega.

"Niende nikajishitaki kwa meneja? Ameniahidi kalenda!"

"Mimi nina mkataba."

"Utapata mwingine."

"Wa kibarua."

"Si ulikuwa kibarua zamani? Ulizoea."

Mama yake, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, alishughulika ghafla na ukosi wa gauni lake. Dada Pasi alimtazama mumewe kwa makini, kama mtu aliyenunua kitu sokoni akakifungua nyumbani. Hakutukana, wala hakulia. Alisema tu, "Kesho tunatoka pamoja. Utakachosema huko ni chako," kisha akaenda kufua sare yake, maana ilikuwa bado ni sare yake mpaka asubuhi.

 

Walikwenda wanne: Msanii na koti lake, mkewe na sare yake, mama aliyesema hawezi kumwacha mtoto wake aende peke yake kwa wakubwa, na Mzee Tochi aliyewangojea getini. Mlinzi aliandika majina yao kwenye daftari la wageni. Mtu aliyefanya kazi humo miaka yote akaandikwa mgeni. Dada Pasi akalitamka jina lake herufi kwa herufi, bila haraka, mpaka mlinzi akaona haya akainamisha kichwa.

Ofisi ya meneja ilikuwa na viti viwili vya wageni. Meneja alikaa, Msanii akakaa bila kukaribishwa, mama akakaa kwenye cha pili. Mke na mzee wakasimama. Karani alikuwa na karatasi tayari.

"Karibu, Msanii," meneja alisema, akigeuza kadi yake shingoni ili kidevu kimoja kitazame mbele. "Tumekwama kidogo. Wewe ndiye uliyezibadilisha hizi?"

"Nilizing'arisha kidogo tu, mheshimiwa. Kitaalamu."

"Na zile za mwanzo?"

Msanii alimtazama mkewe. Kisha akatazama kalenda ya mwaka huo iliyotundikwa ukutani, kurasa nzuri nene, kila mwezi na picha yake kubwa. Macho yakabaki huko.

"Virusi," alisema.

"Virusi?"

"Viliingia kwenye kompyuta, mheshimiwa. Vikala zile picha. Hakuna aliyefanya kosa, ni mambo ya mashine."

Mzee Tochi akaguna. Meneja akapumua kwa raha, maana mambo ya mashine hayana barua ya kuandikiwa mtu. "Basi ni bahati mbaya," alisema. "Karani, andika: zimeharibiwa na virusi, hakuna mhusika. Wafanyakazi hawa wataanza upya. Na wewe Msanii, ile kalenda tutazungumza, virusi vinampata kila mtu."

"Ahsante, mheshimiwa."

Kalamu ya karani ilikuwa imeshagusa karatasi pale Dada Pasi aliposogea mbele. Alisimama baina ya kiti cha mumewe na meza, shavu lenye kovu likiwa upande wa meneja, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na pa kutazama pengine.

"Bosi, naomba niulize. Virusi hivyo vinachagua?"

"Sijui. Vinachagua, Msanii?"

"Vinakula chochote," Msanii alisema haraka. "Chochote vinachokuta."

"Basi vilikula na zako," alisema mkewe.

Msanii akafungua mdomo. Lakini jibu lilikuja kutoka kiti cha pili, kwa sauti ya mzazi aliyetukaniwa mtoto.

"Zake zimeliwa? Nani kasema?" Mama aligeukia meneja, mikono imeshakunjuka. "Baba, usimwonee mwanangu, huyu ni mtunzaji! Zake zote zipo, hajapoteza hata moja. Za fulana ya mistari zipo, za gari zipo, na video yake ndefu ipo, jana usiku kabla ya kulala tumeitazama mwanzo mpaka mwisho. Kompyuta yake ni safi kama sahani! Sema, baba. Waambie."

Mama alitabasamu akingoja sifa za mwanawe, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na tabasamu likaanza kumchoka usoni bila yeye kujua sababu.

Meneja aliegemea nyuma. Alikuwa mtu mdogo wa roho, lakini hakupenda kufanywa mjinga mbele ya karani wake. Akamwonyesha karani ishara afute alichoandika.

"Zako zote zipo," alisema polepole. "Za wafanyakazi wangu hakuna."

"Mheshimiwa, kuna ukubwa wa faili…"

"Usinieleze mimi. Mkeo amekuuliza kitu."

"Hajaniuliza kitu."

"Nilimuuliza jana," Dada Pasi alisema, "nyumbani, mbele ya watu. Bado nangoja." Akageuka, akamtazama mumewe kutoka juu, kwa kuwa mume ndiye aliyekuwa amekaa. "Diski ilijaa. Ulikuwa na wewe mwenyewe, folda juu ya folda. Ulikuwa na mimi, na mzee huyu, na wenzetu. Ukachagua. Kwa nini ulitufuta sisi ukajiacha wewe?"

Msanii aliingiza mkono mfukoni, akatoa peremende, akaona anachofanya, akairudisha. Alimtazama mama yake, naye mama alikuwa ameinamia kucha zake. Alimtazama meneja, akaona kwamba kalenda imeshatundikwa kwenye ukuta wa mtu mwingine. Akatafuta uongo mwingine na hakuna uliokuja. Kalamu ya karani ilikuwa juu ya karatasi, inangoja. Mwishowe aliinua macho mpaka kwenye shavu la mkewe, akalitazama lile kovu kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesema jambo ambalo kila siku aliliona ni wazi.

"Zile mbichi," alisema, "sikudhani kuna mtu angezitaka."